Eropleni ya Vitofali na Mchi wa Mama

Baba yangu alimvunja jirani yetu taya kwa mchi wa kutwangia, Jumapili mchana, kwa sababu ya eropleni ya kuchezea. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Eropleni ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiirusha.

Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, Geita. Baba alitoboa miamba chini ya ardhi. Kabla ya hapo alikuwa askari, akapelekwa kupigana Burma, akarudi na kovu refu mgongoni ambalo hatukuthubutu kuliulizia. Mama alikuwa yaya kwa mhandisi mmoja Mzungu. Mtoto wa mhandisi alipopelekwa kusoma Ulaya, mama yake alimpa mama yangu kikasha kimoja cha vichezeo alivyoviacha mwanawe.

Ndani mlikuwa na vitofali vyekundu na vyeupe, vyenye vinundu juu na matundu chini, ili kimoja kikae juu ya kingine. Picha ya kwenye mfuniko ilionyesha ndege mbili angani, lakini vitofali vilitosha ndege moja tu. Hilo liliniudhi. Bawa la kushoto lililegea, ikabidi niligandishe kwa ulimbo. Pangaboi, hata hivyo, lilizunguka kweli ukilipuliza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nikafuata michoro. Kati ya Ijumaa na Jumapili niliijenga na kuibomoa mara nne, na kila mara nilikaa nikiitazama kama mtu aliyezaa.

Jumapili hiyo baba alirudi kutoka kwenye pombe, akapita uani. Sikumwona sura, nilimwona mgongo. Nikamkimbilia kwa nyuma, eropleni juu ya kichwa changu, nikinguruma kwa koo lote.

Baba alijitupa chini kifudifudi. Akatambaa mpaka uvunguni mwa kitanda cha kamba kilichoanikwa juani, akafunika kichwa kwa mikono.

"Laleni!" alipiga kelele. "Laleni chini nyote!"

Jirani yetu, fundi wa mbao za mgodini, alikuwa amekaa mlangoni kwake. Akacheka mpaka akajipiga mapajani.

"Njooni mwone askari wa Mfalme! Kaogopa ndege ya mtoto!"

Wanawake waliokuwa kisimani wakacheka pia. Baba akatoka uvunguni, vumbi limemganda midomoni. Mchi wa mama ulikuwa umeegemezwa kwenye kinu. Aliuchukua, akavuka ua kwa hatua tatu, akampiga jirani usoni mara moja. Jirani alianguka chali, mdomo umekaa upande, meno mawili juu ya shati.

"Cheka tena," baba akamwambia.

Kisha akanigeukia mimi. "Lete hiyo."

Sikuiachia. Akaipiga eropleni ikiwa bado imo mkononi mwangu; vitofali vikaruka, na kidole changu kikapinda. Mchi ukapanda tena. Mama akatokea jikoni mbio, mikono myeupe kwa unga, akasimama kati yetu.

"Ni mwanao huyu! Baba, ni mwanao!"

Mchi ulimwangukia mkononi. Niliusikia mfupa ukivunjika. Nikamrukia baba, nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka nikaonja damu, akanitupa ukutani.

Hapo wanaume wa nyumba zote wakafika. Walimpiga kwa fimbo, kwa viatu vya mgodini, kwa mpini wa sururu. Hakujitetea. Alilala kimya akifunika kichwa vilevile kama mwanzo, na walipochoka jicho lake moja lilikuwa halifai tena.

Hakimu alimfunga mwaka mzima. Wajomba zangu walikuja kutoka upande wa Kharumwa, wakatuchukua na vyombo vyetu.

Alipotoka jela alitufuata kwa miguu. Nilikuwa wa kwanza kumwona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, bila kunisogelea.

Wajomba walikuwa wameshakata fimbo. Mama akatoka nje.

"Msimpige," akasema. "Lakini kwangu haingii."

Baba akapata hifadhi kwa mzee mmoja ng'ambo ya mbuga. Mvua zilipoanza, tulimkuta asubuhi analima shamba la mama. Hakuna aliyemwomba. Siku moja nilimpelekea maji, nikamuuliza kwa nini alijitupa chini siku ile. Alinywa kwanza.

"Kule Burma walitupiga kwa ndege," akasema. "Tulikuwa thelathini bondeni. Tulizipungia mikono, mwanangu, maana zilikuwa za kwetu. Walikosea tu."

Nilirudi nikamweleza mama. Alikuwa akibangua karanga. Akaendelea kubangua mpaka ungo ukajaa, halafu akanituma nimpelekee baba ugali na mlenda.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka sita, mpaka homa ilipomchukua baba. Alilima, mama akapika, mimi nikapeleka. Hawakusalimiana hata siku moja. Mimi nilimpenda tena, polepole, ingawa akiinua jembe karibu yangu, mwili wangu ulirudi nyuma wenyewe. Naye alikuwa akiona, akisubiri mpaka nimekwenda mbali ndipo alime.