Nilimtoa Mama Kwenye Wimbo, Nikamwacha Bosi Karasha

Siku hizi kaka yangu akipita amejaa vumbi jeupe la mawe, watu wa huku wana maneno yao. Wengine wanasema umaarufu ulimlewesha. Wengine wanasema kule Dar alichezewa. Wengine wanasema sauti imekauka kwa pombe, na pombe yenyewe hanywi. Naomba wote walionyooshewa vidole waachwe. Ni mimi. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, na kazi ya kaka yangu niliiua nikiwa nimekaa kitandani, nimeshika simu yake.

Kaka nitamwita Shija. Kwetu ni upande wa Ushirombo. Wanaotujua watatujua tu, na wasiotujua hawana hasara.

Shija alishiriki shindano la vipaji la televisheni, lile la Dar, la majaji na taa nyingi. Alipanda na gitaa lake akaimba wimbo aliotunga mwenyewe, "Moshi wa Mama". Mama yetu anapika uji na maandazi pale stendi, na kuni zake ni mbichi mwaka mzima. Wimbo unasema nikiuona moshi, najua nyumbani yupo mtu. Basi, hauna zaidi ya hapo. Jaji mmoja alilia. Mwingine akasema hata yeye ana mama.

Alitolewa kabla ya fainali. Alirudi na cheti cha ushiriki, ahadi ya "tutawasiliana" na fulana ya shindano. Kilichodumu ni fulana. Tunadekia.

Lakini huku kwetu kutolewa hakuhesabiki. Mtu akishaonekana kwenye televisheni, ameonekana. Wakamwita aimbe duka la dawa likifunguliwa. Wakamwita kwenye mahafali. Wakamwita hadi mnada wa ng'ombe, aimbe kabla bei hazijaanza kutajwa, ili wauzaji walainike.

Shija simu haiwezi. Akipigiwa anakubali kila kitu, mwisho wake anatakiwa sehemu mbili kwa saa moja. Akanipa laini ya kazi.

"Dogo, wewe unaandika vizuri. Nijibie hawa watu, mimi watanitoa roho."

Sasa mimi ni mtu ambaye darasani nikiulizwa swali nasimama, naangalia viatu mpaka mwalimu anasema kaa. Dukani chumvi naionyeshea kidole. Lakini vidole vyangu vikishika simu havina aibu hata kidogo. Nikaanza kujibu: "Uongozi wa msanii umepokea ombi lako. Uongozi utakujulisha." Simu ikiita sipokei. Naandika: "Uongozi uko kikaoni." Kikao chenyewe ni mimi na paka.

Watu wazima wakaanza kuniandikia, "Shikamoo uongozi." Nami nikajibu, "Marahaba." Hapo ndipo nilipopotea. Mtu wa umri wa baba yangu ananipa shikamoo, naipokea nimelala chali, bado nina sare ya shule. Jamani, utamu wa kitu kile siwezi kuueleza.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya Usukumani, niseme hili. Wimbo wa shughuli usiotaja watu, kwetu haujaimbwa. Manju, yule kiongozi wa ngoma, anakutaja wewe, baba yako na ng'ombe wako. Unatoka katikati unacheza, unamtunza, vigelegele vinapigwa. Ukishatajwa wewe, jirani yako naye lazima atajwe, la sivyo atalala na njaa na chakula kipo. Na aliyetajwa mara moja hatolewi tena. Ukimtoa, watu wanaanza kuulizana kama amefilisika au amekufa.

Shija hakuwa manju. Alikuwa mtu wa gitaa na moshi wake. Aliyemgeuza ni mimi.

Wa kwanza kuomba alikuwa mjomba, siku alipofungua duka la pembejeo. Akaandika: "Uongozi, nitajeni hata mara moja, mimi ni damu." Shija alicheka, akamwingiza mwishoni mwa ubeti wa kwanza. Ilipendeza. Ingechukiza siku ile, leo nisingekuwa naandika haya.

Habari ikamfikia bwana mmoja ambaye nitamwita Bosi Karasha, kwa kuwa ana zile karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, upande wa Katoro. Huyo akitaka kitu hasemi nataka. Anasema kuna gari linakuja kuwachukua.

"Uongozi," aliandika, "kwenye wimbo nasikia kuna muuza mbolea. Mimi nimekosa nini?"

Akaingia. Kumbe ana wake wawili. Mke mdogo akaomba, nikamwingiza. Haukupita muda ukaja ujumbe wa mke mkubwa: "Uongozi, naomba kuuliza. Kwenye ule wimbo mimi ni kivuli?" Akaingia, tena akatangulia. Mdogo akanuna, nikamwongezea "mrembo". Mkubwa akauliza kama kwenye nyumba ile mrembo ni mmoja. Nikamwongezea "nguzo". Bosi mwenyewe akaona wake zake wanapendeza kuliko yeye, akataka karasha zake nazo zitajwe. Zina majina. Ile kubwa inaitwa Subira. Kaka yangu, aliyemliza jaji kwenye televisheni, akasimama jukwaani akaimba Subira anavyotafuna mawe bila kulalamika.

Akitoka pale alikuwa ananiuliza, "Dogo, hivi bado wimbo ni wangu?"

Nami namjibu, "Kaka, soko ndivyo lilivyo." Soko lenyewe silijui. Nilikuwa nimelisoma mahali.

Wimbo ulioanza mfupi kama sala ya chakula ukawa mrefu kama risala ya mahafali. Ndipo ikaja shughuli ya kumuaga binti wa Bosi Karasha, send-off kubwa, na mwenyekiti wa kamati akaniandikia: "Uongozi, wimbo upunguzwe. Shughuli iliyopita watu walikula wali wa baridi."

Nikakaa kitandani nikapitia jina moja moja. Mjomba nikimtoa, ukoo unavunjika. Mke mkubwa sithubutu. Mke mdogo ndiyo kabisa. Subira ni mashine, lakini mwenye mashine ndiye mwenye shughuli. Akabaki Mama na moshi wake.

Nilimtoa Mama kwa sababu kati ya wote ndiye pekee ambaye asingeniandikia kulalamika.

Nilijua Shija hatakubali. Kwa hiyo nikatunga.

"Kaka, Mama kasema umtoe. Anaona aibu kuimbwa na kuni zake mbele ya watu wenye magari."

"Kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, kaka."

Akachukua gitaa, akawa anakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Siku ya shughuli Mama alikuja. Alialikwa kama mama wa msanii, akawekwa viti vya mbele, amevaa kitenge ambacho alikuwa hajakifua hata mara moja. Kila ubeti ukianza alikuwa anajiweka sawa kwenye kiti. Mjomba akatajwa, akacheza. Nguzo akatajwa, mrembo akatajwa, Subira akatajwa na mtu akatoka kumchezea. Wimbo ukaisha. Mama akapiga makofi pamoja na watu.

Wakati wa kunawa mikono akaniinamia. "Kile kipande changu, kaka yako kakisahau?"

"Hapana, Mama. Kaona wimbo mrefu, kapunguza."

"Aa. Sawa, ng'wanone, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nauona mrefu. Watu watachoka na moshi kila siku."

Angenipiga kibao ningeshukuru.

Nyumbani kwetu mtu akiumia hasemi, anafagia uwanja. Baada ya shughuli ile uwanja wetu ulifagiwa mpaka kuku wakakosa pa kuchakura. Mama anafagia alfajiri, Shija anafagia jioni, hakuna anayemuuliza mwenzake. Kila mmoja aliamini amekataliwa na mwingine. Nami katikati yao nasema tu, "Mama, uji umeiva," "Kaka, kuna gari linakuja."

Kisha ikaja bahati ambayo msanii wa televisheni anaingoja mpaka nywele zinabadilika rangi. Prodyuza mmoja wa Mwanza alipiga simu. Sikupokea, akaandika. Alisema ule wimbo wa mama haujamtoka kichwani tangu shindano. Anataka kuurekodi vizuri, yeye mwenyewe atausimamia mpaka redioni. Shija alisoma ujumbe ule akausoma tena, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamsikia anapiga mluzi.

Tulienda wote. Prodyuza akauliza, "Uongozi uko wapi?" Shija akaninyooshea kidole, nimevaa sweta la shule. Yule baba akaniangalia, akaangalia mlangoni kama kuna mwingine anakuja, kisha akasema karibuni.

Shija akaimba. Alipomaliza, prodyuza akavua vile vya masikioni.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anaendelea vizuri."

"Namaanisha kwenye wimbo, kijana. Mimi nimekuita kwa ajili ya ule ubeti."

"Ule hatuuimbi tena. Mwenyewe hataki."

"Mama yako hataki?"

"Anaona aibu." Shija akanigeukia. "Si ndiyo, dogo? Mama alikwambia wewe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Sentensi moja tu, "Nilidanganya," na kila kitu kingerudi. Wote wawili walikuwa wananingoja. Mdomo ukafunguka, nikaangalia viatu, nikasema, "Ndiyo." Kama ningekuwa na simu mkononi ningewaandikia kurasa.

Prodyuza alijaribu. Akamwambia aondoe majina ya wale watu aone kinachobaki. Kikabaki kiitikio. Akauliza kwa upole, "Sasa wimbo huu unahusu nini?"

Shija akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa mtihani. "Kwa sasa unahusu karasha."

Tukarudi nyumbani. Mwanza hawakuandika tena.

Shija alilitundika gitaa, akaenda kuomba kazi kwa Bosi Karasha, kumlisha Subira mawe. Bosi alifurahi sana. Akawa anawaambia wageni, "Huyu ni yule wa kwenye televisheni," na Shija anawapungia mkono uliojaa vumbi. Kila akirudi nyumbani kikohozi kilikuwa kinamtangulia mlangoni.

Mama alivumilia mpaka akashindwa. Jumapili moja, Shija yupo nyumbani, mimi nachambua mchele, akaweka ufagio chini. Nikajua leo kuna jambo.

"Shija, vumbi lile litakula kifua chako. Rudi kwenye gitaa."

"Niimbe nini, Mama?"

"Nyimbo zako. Ule wangu si ulikuwa mzuri, kabla hujachoka nao?"

"Nichoke nao mimi? Wewe ndiye uliyeukataa."

"Nilikataa nini?"

"Kuimbwa. Ulisema aibu, moshi, watu wenye magari."

Mama akamwangalia sana. "Mimi moshi wangu umewasomesha ninyi. Nitauonea aibu lini?"

Hakuna aliyeniita jina. Waligeuka tu. Nikaangalia viatu, sikuwa na viatu, nikaangalia vidole vya miguu, nikasema yote. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka Mama akaniambia nirudie, na kurudia ndiyo ilikuwa adhabu.

Shija hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja. "Hata kule Mwanza, dogo? Nilipokugeukia?"

"Hata kule, kaka."

Mama akaenda ndani, akatoka na gitaa, akampa. "Imba. Nipo hapa."

Akaanza. Ubeti wa kwanza ukaenda, na kwa mazoea akatokea mjomba. Akaacha, akaanza upya, akatokea mjomba. Mara ya tatu alimruka mjomba akaangukia kwa nguzo na mrembo. Maneno ya Mama alikuwa anayajua, akiyasema bila gitaa yanakuja yote. Lakini ndani ya wimbo hakukuwa na njia ya kumfikia bila kupita kwa wale watu. Alifika hadi kwa Subira, akazuia nyuzi kwa kiganja. Alicheka kidogo. Mama hakucheka. Akamwambia, "Basi, baba, inatosha," akaenda kuchochea moto.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Laini ya kazi nimeirudisha. Uongozi umevunjwa, na Bosi Karasha ameshatafuta manju wa kweli.

Ninyi wenzangu mnaoshika simu za ndugu zenu wenye vipaji, na mnaojiita uongozi, nawaambia kitu. Mkitakiwa kupunguza, mwangalieni yule asiyeweza kuwalalamikia, halafu huyo mumwache. Na kama mmeshamtoa, semeni mapema kwa mdomo wenu, hata kama unatetemeka. Msingoje mpaka muandike gazetini bila jina, kama mimi.

Maana Shija ameanza kutunga tena. Kwenye karasha sasa haendi kila siku, kikohozi kimepungua, na jioni anakaa na Mama jikoni. Nikiwa nje nasikia gitaa linaenda, na Mama anamwambia hapo rudia. Nikiingia kuchukua maji, linanyamaza. Hawaninunii, wananiuliza habari za shule. Nachukua maji yangu natoka. Wanangoja nifike mbali, ndipo wanaendelea.