Viti Vilivyorudi

Kazi yangu ni kukodisha vitu vya misiba. Mtu akifiwa Mangobo au Kabondo, mitaa yetu ya Kisangani, ndugu mmoja anafika kwangu kabla hata maiti haijatoka hospitalini, anaulizia viti vya plastiki, turubai, na zile sufuria kubwa za kupikia pondu, yaani kisamvu, ya watu wengi. Arusi pia nahudumia, lakini watu wa arusi wanachosha. Wanataka viti vyote viwe vyeupe pe, na kila doa linakuwa kesi. Waliofiwa hawaangalii madoa. Mtaani wananiita mama viti. Mwanzoni jina hilo lilinikera, kwa kuwa mimi ni binti wa Butembo, na nyumbani tulilelewa kuamini kwamba mfanyabiashara ni yule anayeuza, huyu anayekodisha ni mvivu aliyepata bahati. Siku hizi nageuka nikiitwa.

Aliyeniingiza katika kazi hii ni rafiki yangu. Nilipofika Kisangani na mume wangu sikumjua mtu, Kilingala sikijui, na nilikuwa na mdomo mkali ambao haukunisaidia kitu. Yeye alikuwa jirani, mzaliwa wa Mangobo. Alicheka matamshi yangu mpaka akajishika mbavu, kisha akakaa chini kunifundisha. Mimba yangu ya kwanza ilipokataa kila chakula, ni mama yake aliyekuwa ananitwangia lituma, ndizi zile za kuponda, na kunisimamia mpaka nimalize sahani. Viti vya kwanza tulinunua mimi na mume wangu, lakini viti bila wateja ni takataka za kujaza ua, na wateja aliwaleta yeye. Alijua nani mgonjwa, nani amezidiwa, ukoo gani una utaratibu na ukoo gani una kelele tu. Alifuatana na mkokoteni, akapanga viti, akakaa na wafiwa, akavirudisha mambo yakiisha. Nilimlipa mshahara. Mbele za watu nilimwita ndeko yangu, yaani ndugu, na sikuwa nasema uongo.

Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba matanga yanakula viti. Mjomba mnene anaegemea nyuma, mguu unakatika. Jirani anaazima kimoja akapumzishe bibi yake na hakirudi tena. Wewe mwenye mali huna la kufanya, maana huku kwetu hakuna mtu anayekwenda kudai kitu mahali watu wanapolia. Hata kiti chako kikivunjwa mbele ya macho yako, unameza mate, unatoa pole, unangoja mpaka matanga yaondolewe. Ukienda kabla ya hapo kuhesabu hesabu viti, utasemwa mji mzima, na hakuna atakayekodi kwako tena. Kwa hiyo viti vyangu vilipozidi kupungua sikushangaa. Siku moja rafiki yangu alirudi amelowa chapachapa, analia, anasema mvua imewakuta matangani karibu na mto Tshopo, watu wamekimbia na viti vichwani kama miavuli, na vingi havikuonekana tena. Nilimpa kitenge kikavu na chai ya tangawizi. Nilimbembeleza mimi mwenyewe, nikamwambia plastiki si roho ya mtu.

Miezi ilipita. Akafariki mzee mmoja wa Kabondo, baba wa mwanamke tunayesali naye. Hawakukodi kwangu. Niliudhika kidogo, sikatai, lakini nilivaa kitenge changu cha msiba nikaenda kutoa pole. Nikaonyeshwa kiti, nikakaa. Mkono wangu ulipoteremka pembeni, vidole vikagusa mshono.

Viti vya plastiki vikipasuka hapa mjini havitupwi. Kuna mafundi wanaotoboa matundu kwa waya wa moto na kushona ufa kwa uzi wa nailoni, kama mtu anavyoshona gunia. Kiti hiki kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani, mshono uliopinda, kwa sababu fundi siku ile alikuwa anabishana nami na hakutazama kazi yake. Nilikuwa nimemsimamia kichwani nikimgombeza. Kiti hicho kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyopotea na mvua.

Niliinua macho, na aliyekuwa anakuja na sahani ya pondu na makayabu, samaki wa chumvi, alikuwa rafiki yangu. Alikuwa amechukua ruhusa siku ile, amesema ana homa. Alinipa sahani kwa mikono miwili, kwa heshima, macho yake yakashuka mpaka pale mkono wangu ulipokuwa, kwenye uzi wa kijani. Kwaya ilikuwa inaimba, wafiwa wamekaa kwenye mkeka. Nikala pondu ile yote. Mpaka leo sijui ilikuwa na chumvi au haikuwa nayo.

Ningeweza kusimama nikapiga kelele, na wanaonijua watashangaa kwamba sikufanya hivyo. Lakini ilikuwa matanga. Nikarudi nyumbani na hasira nzima nzima, nikaanza kungoja. Huo ndio ubaya wa kungoja kwa mtu wa aina yangu. Hasira ambayo ingewaka na kuzimika papo hapo, niliipika taratibu kila siku, nikaiongezea kuni. Nilikumbuka kila kiti kilichowahi kupotea. Nilikumbuka kitenge kikavu na chai ya tangawizi, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko viti vyote. Mume wangu akasema twende polisi. Nikakataa, nikijisifu moyoni kwamba mimi si mtu wa kumfunga rafiki.

Matanga ya Kabondo yalipoondolewa, alikuja mwenyewe asubuhi. Nilikuwa nasugua viti uani kwa sabuni na majani. Hakukaa. Alikuwa ameshatengeneza biashara yake ndogo, akaniambia, kwenye ua wa binamu yake, na viti vyote vilikuwa vyangu.

“Umeniibia,” nikasema.

“Ndiyo. Nilivikamata,” akajibu. “Bon, hii biashara tulianzaka wote wawili, ndeko. Kisha wewe ukakuwa patron, mimi nikakuwa mutu wa kazi. Sijue ilibadilikaka siku gani. Nilikuwa nangoja uniambie, alors nikachoka kungoja.”

Mimi nikibanwa nasema maneno makubwa. Nikamwambia mwizi ni mwizi, asiniletee hadithi. Halafu akaniomba jambo moja tu.

“Nitakurudishia vyote. Hata kimoja hakitakosa. Lakini ibakie kwetu wawili. Mama yangu asisikie. Watu wasisikie. Njo hiyo tu naomba.”

Ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu, watu wa sala na jumuiya, tunaoweza kulifanya huku tukijiona wema. Nilimwambia hapana, jambo hili litakwisha katika shirika. Shirika ni kile kikundi chetu cha Wakatoliki wa mtaa mmoja tunaokutana kila juma nyumbani kwa mmoja wetu, tunasoma Injili na kusaidiana. Wawili wakigombana, wanaletwa mbele ya wote, wanasema, wanaombana msamaha, wanapeana mkono, wimbo unaimbwa, na kesi imefungwa. Nimeona ndoa zikiponywa pale. Nilidhani nachagua njia laini kuliko zote. Polisi wangemtoza na kumtukana. Shirika lingempa msamaha bure.

Alinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. “Mbele ya bamama wote?” akauliza. Nikamwambia ndiyo, ni ndugu zetu. Akaondoka.

Alikuja siku ya shirika, na hilo peke yake lilitaka moyo. Papa kiongozi, yaani mzee anayeongoza shirika, alisoma Injili, akatuita katikati. Nilieleza mimi kwanza, na nilieleza vizuri mno. Nina kipaji cha kueleza. Nikataja mvua, nikataja homa ya uongo, watu wakaguna. Zamu yake ilipofika hakutaja habari ya kuanza wote wawili. Alisema tu, “Nilikosea. Munisamehe.” Nikamkumbatia. Watu wakapiga makofi, wimbo ukaanza, mwanamke mmoja akafuta machozi. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikapika kuku siku isiyokuwa ya kuku, na nikamwambia mume wangu unaona, hivi ndivyo mambo yanavyomalizwa na Wakristo.

Viti vilirudi kesho yake kwenye mkokoteni, vimeoshwa, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vyote. Nikamwambia arudi kazini Jumatatu kama kawaida. Akasema asante. Hakurudi Jumatatu, wala Jumatatu nyingine.

Sikuwa nimefikiri jambo moja rahisi sana: kwamba wale waliopiga makofi ndio wateja wa mji mzima, au dada zao, au wakwe zao. Walimsamehe, ndiyo, na walipofika nyumbani wakasimulia jinsi walivyomsamehe. Mama mmoja alinuna sokoni kwa sababu rafiki yangu alikaa karibu na kikapu chake. Wengine waliniuliza kama yule mwizi bado yuko kwangu, na nilipojibu kwamba tumeshapatana, walinisifia moyo wangu mkubwa. Nilitaka kuwatukana. Aliomba kazi ya kupika kwenye mkahawa, wakasema watamwita. Aliacha kuja shirika, nikasikia anasali kwenye kanisa jingine, mbali, ambako hawamjui. Tulipokutana njiani alinisalimu vizuri, akiuliza habari za watoto, na akapita. Mara nyingi nilijiambia nitakwenda kwake nimweleze kwamba alikuwa na haki juu ya lile neno la patron, kwamba nusu ya ile biashara ilikuwa yake na nilijua. Nilikuwa na kazi nyingi. Ndivyo nilivyojiambia.

Mama yake alifariki mwaka huu, masika. Mimi, mtu wa kwanza katika Mangobo kujua nani kafiwa, nilisikia kwa mwendesha baiskeli ya abiria aliyekuwa anapita. Hakuna aliyekuja kwangu kuulizia viti. Nilikaa jikoni nikamlilia yule mama na lituma yake, halafu nikainuka. Nikachagua viti vizuri kuliko vyote, turubai jipya, sufuria mbili, nikaita wenye mikokoteni, nikatangulia kwa miguu. Sikuwa nakodisha. Nilikuwa napeleka, kama mtoto wa nyumba anavyopeleka.

Mlangoni niliona watu wamekaa juu ya matofali, juu ya mbao zilizolazwa kwenye ndoo, wazee juu ya mabenchi mawili ya shule. Jua lilikuwa linawachoma usoni. Mjomba wa familia alifurahi kuniona, akaanza kuwaita vijana waje kushusha. Mtu akaenda kumwita rafiki yangu ndani.

Alitoka amefunga kitambaa kichwani, amekonda. Alinishika mikono, akasema asante kwa kuja. Kisha akaitazama mikokoteni, akamwambia mjomba wake angoje kidogo.

“Viti urudishe,” akaniambia polepole, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. “Hapa watu wataingia wengi, usiku na mchana. Kimoja kikikosa, nitasema nini? Na nani ataniamini?”

Nilimwambia havina hesabu, hata vikipotea vyote. Nilimwambia ni vyake. Nililisema lile neno hatimaye, pale mlangoni, mbele ya mjomba na wasukuma mikokoteni: hii biashara tulianza wote wawili.

Akatikisa kichwa. “Ulipaswa kuisema siku ile, katikati ya bamama,” akasema. “Ingia, ukae. Mama alikupenda.”

Akarudi ndani. Nikawaambia wenye mikokoteni wageuze, na mzee mmoja aliyekuwa ameshainuka kwenye tofali lake akakaa tena. Nikaingia, nikatafuta nafasi chini miongoni mwa wanawake, nikalia kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alinishika bega, akanipa pole, akaniuliza kama marehemu alikuwa mama yangu.