Mpunga wa Mama Mkwe

Mashine ile ya kukoboa mpunga haipo tena Ifakara, lakini harufu ya pumba zake bado naikumbuka. Nilipoajiriwa pale, miaka ya hamsini, nilidhani fundi mkuu angetupanga mstari na kutuhubiria. Tulikuwa wanagenzi watatu, watu wazima wenye familia. Yeye alikuwa Mndamba mnene, mwingi wa utani. Asubuhi ya kwanza alijitwika gunia, akatoka nje, akarudi akijifanya mkulima.

"Nikobolee upesi! Nimevuka mto tangu alfajiri!"

Ilibidi sisi tumkague, kisha tumkubali au tumkatae. Kukagua si kugumu, hata wewe ungeweza siku hiyo hiyo: unang'ata punje. Iliyokauka inakatika kwa mlio. Yenye unyevu inabonyea tu chini ya jino, na ukiipitisha mashineni inatoka chenga, vipande vipande. Tulimkatalia fundi, naye akafoka kama mkulima kweli: "Meno yenyewe mabovu, utanipimia nini!" Tulicheka mpaka machozi.

Nilijiona hodari, hadi alipokuja mama mkwe.

Alileta magunia mawili, mpunga wa harusi ya mwanawe wa mwisho. Kwetu mkwe humtazami usoni, sembuse kumkatalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka mchele mzima mzima, wageni wanatoka Mahenge."

Niling'ata punje. Ikabonyea. Hata hivyo nikamimina gunia la kwanza mashineni.

Zikatoka chenga tupu. Fundi akazima mashine. Hakunigombeza. Alinisogelea, akasema taratibu, "Gunia moja limebaki. Usimhubirie. Mpe ajaribu mwenyewe, kama mlivyojaribu ninyi."

Nikachota punje za gunia lake, na nyingine kavu alizonipa fundi. Nikampa kwa mikono miwili, macho chini. "Mama, naomba ung'ate hii. Halafu na hii."

Aling'ata ya kwanza, akang'ata ya pili, akarudia ya kwanza.

"Wangu mbichi," alisema. Kisha, "Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Niliona haya kukukatalia."

"Haya zako zimenilia gunia zima, baba!"

Wenzangu waliangua kicheko. Mwishowe mama mkwe naye akacheka.

Mpunga wa gunia la pili aliuanika kwenye mikeka uani, akikaa kando na kung'ata punje kila baada ya muda. Hakutaka nimsaidie. Siku ya pili mchana aliniamuru niwashe mashine. Mchele ulitoka mrefu, mweupe, mzima.

Wageni wa Mahenge walikula wali wa gunia hilo moja. Zile chenga zilitwangwa unga wa vitumbua, na kila aliyepewa kitumbua aliambiwa na mama mkwe kwamba hiyo ni kazi ya mkwe wake, fundi mwenye haya.