Barua ya Carmen Iliyokatwa kwa Wembe

Boti yoyote iliyolala pwani ya ziwa pale Kibirizi, kama ina jina ubavuni, jina hilo aliliandika Manariyo. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na ukimbishia alikuonyesha hadi majina yaliyoandikwa kabla yeye hajazaliwa. Shule aliingia, darasa la nne alilifika, ila alilipita kama mtu anayekatiza sokoni bila mfuko wala haja. Lakini mpe brashi na kopo la rangi ya bluu, utakaa kimya.

"Mkono huu," aliwaambia wavuvi wa dagaa, "serikali ingeuona mapema, noti zote zingekuwa na sura nyingine."

"Zingekuwa na samaki, migebuka mitupu," alijibu Bonifasi, mwenye boti mbili, "maana ndicho kitu pekee unachojua kuchora."

Wakacheka, na Manariyo akacheka kuliko wote. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mgongoni mwa mama yake. Akakulia huku, akapewa uraia, akajenga vyumba viwili Katubuka. Mke alimpata, hakumuweka, mtoto hakupata. Kwa hiyo siku mama mmoja muuza maharage alipomshusha Carmen mlangoni pake, msichana wa miaka kumi, mwembamba kama mpini wa brashi, Manariyo alisimama na mwiko wa ugali mkononi asijue auweke wapi.

Carmen alikuwa mtoto wa Ndayikunda, binti wa baba mdogo wa Manariyo, aliyekimbia Burundi mwaka wa elfu mbili na kumi na tano na kuishia kambini. Miaka miwili Carmen alisoma hukohuko kambini, kwa mwalimu aliyeitwa Léoncie. Léoncie ndiye aliyegundua kwamba mtoto hakuwa mtundu wa kawaida, akampeleka kwa nesi, nesi akampima mara tatu na kuandika kwamba ana tatizo la kushindwa kutulia. Sasa Léoncie alikuwa amejiandikisha kurudi kwao, na darasa lake lingeunganishwa na jingine, watoto mia na hamsini kwa mwalimu mmoja. Ndayikunda akaona mtoto atapotea. Akamtuma mjini kwa kaka yake, bila kibali cha kutoka kambini, na barua ndani ya mfuko wa nailoni.

Barua aliiandika Léoncie kwa Kiswahili cha kujikaza. *Carmen si mkaidi. Akili yake inatangulia, mwili unaikimbilia. Akae mbele, mbali na dirisha. Atumwe mara kwa mara, afute ubao, alete chaki. Aambiwe jambo moja, akilimaliza aambiwe la pili. Mtihani afanye peke yake, aongezewe nusu saa. Asichapwe kwa kusimama.* Juu kulikuwa na jina la kambi. Chini, sahihi na muhuri wa duara wa kambi.

Manariyo aliisoma mara saba, kidole kikifuata mstari. Kisha akachukua wembe, mtu asije akajua mtoto katoka wapi. Akakata kipande cha juu chenye jina la kambi, akakata na cha chini chenye muhuri, vikanyooka kama vimepimwa kwa rula. Maneno ndiyo barua, alijiambia, mengine ni mapambo. Mtu anayekula kwa kuandika majina ubavuni mwa boti ndiye aliyedhani karatasi inaweza kusafiri bila jina. Vile vipande hakuvitupa. Alivitia ndani ya kopo tupu la rangi.

Asubuhi akavaa shati la Jumapili, akamshika Carmen mkono, wakaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Veneranda, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea kichwa."

"Kinatoka wapi hicho kichwa?"

"Kalinzi. Kule kwenye kahawa. Alikuwa wa kwanza darasani, walimu walimpa na madaftari asahihishe."

Hakuna aliyemtuma kuongeza hayo ya madaftari. Yalitoka yenyewe.

"Barua ya uhamisho?"

"Itafuata."

"Na hii?"

Veneranda aliisoma ile karatasi taratibu, akaigeuza, akaigeuza tena. Wakati huo Carmen alikuwa ameshafungua kabati, amehesabu viti, amenyoosha kalenda ukutani.

"Mzee Manariyo, barua hii haina kichwa wala miguu. Nani kaandika?"

"Mtaalamu."

"Wa wapi?"

"Wa hukohuko."

"Maneno yake mazuri, na mtoto namuona. Lakini darasa la tatu nina watoto tisini na sita. Nikimwambia Mwalimu Wilfred huyu asichapwe, huyu apewe nusu saa yake, ataniuliza kwa amri ya nani. Niletee yenye muhuri, nitaisimamia mimi mwenyewe."

Carmen akaandikishwa kama watoto wengine. Wilfred akamuweka nyuma, dirishani, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Wilfred hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mmoja mbele ya watoto tisini na sita, na fimbo ilikuwa njia yake ya kuhesabu waliokaa. Wiki ya kwanza Carmen alirudi na viganja vyekundu. Wiki ya pili akaacha kuvionyesha. Manariyo akawa anafika shuleni jioni na vichekesho, akalipaka geti la mlinzi rangi mpya bila kuombwa, akidhani wema utafika hadi darasa la tatu. Haukufika.

Wiki ya tatu mtoto alirudi na mdomo uliopasuka.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, marume," alisema Carmen; ndivyo kwao wanavyomwita mjomba. "Nilijifunga."

"Ulijifunga nini?"

"Mguu. Nilifunga mikono ya sweta kwenye dawati na mguuni, ili nisisimame. Nilikaa vizuri, nilikaa mpaka hesabu zikaisha. Halafu mwalimu mkuu akaingia, darasa zima likasimama kumwamkia, na mimi nikasahau, nikaanguka." Akagusa mdomo. "Mwalimu Wilfred akasema nafanya michezo. Viboko viwili tu."

Manariyo alilowesha kitambaa, akampangusa damu mdomoni.

"Kesho nitafunga na kamba," alisema Carmen. "Sweta linalegea."

Usiku ule Manariyo alikoroga uji wa muhogo mzito, wa kugandishia. Akavitoa vile vipande ndani ya kopo, akavirudisha mahali pake, juu na chini, kwa mkono uleule ambao serikali iliukosa. Lakini uji ulikuwa na maji, na wino wa muhuri ukaenea, duara likavimba upande mmoja kama jicho lililoumwa na nyuki.

Veneranda aliiangalia kesho yake, akavua miwani.

"Ile ya kwanza ilikosa muhuri. Hii inaonekana ya kughushi kabisa."

"Ni ya kweli, mwalimu. Niliikata mimi, nikaibandika mimi. Mtoto wa kambini. Hana kibali."

Veneranda aliinuka akafunga mlango.

"Hilo, mzee, ungebaki nalo."

"Amejifunga kwenye dawati."

"Jana nilimuona akianguka, ya kujifunga nimeambiwa leo asubuhi." Alikaa. "Siwezi kuiweka kwenye faili karatasi iliyoganda uji. Njia ni moja, nipige simu kambini wathibitishe. Nikipiga, watajua alipo. Watakuja."

"Huenda wakampa kibali cha kusoma."

"Huenda."

"Mimi raia, mwalimu. Nitazungumza nao. Mimi nikianza kuzungumza..." Nje, darasa la kwanza walikuwa wanaimba namba. "Mtihani wa muhula lini?"

"Alhamisi."

"Utampa chumba chake?"

"Wakithibitisha, nitampa."

Manariyo aliyakwangua mabaki ya rangi ya bluu kwenye kucha zake.

"Piga."

Kambini walithibitisha siku ileile. Ndiyo, Léoncie alikuwa mwalimu wao, keshaondoka. Ndiyo, nesi aliandika. Na mtoto, walisema, yuko nje ya kambi kinyume cha utaratibu.

Alhamisi Carmen alifanya mtihani wa Hisabati ndani ya stoo, kati ya mifagio na magunia ya mahindi ya uji wa shule, na Veneranda mwenyewe amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisimama mara kumi na moja. Alizunguka magunia, akarudi, akaandika. Hakuna aliyemgusa. Nusu saa ya nyongeza ilipoisha alikuwa amejibu maswali yote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje. Thelathini na nane kwa hamsini. Alitoka mbio hadi getini.

"Marume, nilimaliza! Nilimaliza yote!"

Na Manariyo akawaambia wote pwani kwamba akili ile imetoka kwao, upande wa wanaume.

Ijumaa gari jeupe likaja na afisa wa kambi. Manariyo alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, ya uraia, ya vyumba viwili, ya thelathini na nane kwa hamsini. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa heshima. Akasema kibali cha kusoma nje huombwa na mzazi, kambini, na mtoto akiwa kambini. Akaichukua ile barua, akaitia ndani ya faili.

"Hiyo ni yake," alisema Manariyo. "Huko anakokwenda hakuna anayemjua. Mwalimu wake hayupo."

"Imekatwa na kubandikwa, mzee. Lazima ipite ofisini kwanza. Itafuata."

Neno lile Manariyo alilijua. Alilitumia yeye mwenyewe, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, akiwa na shati la Jumapili. Alijua linafuata wapi.

Carmen alikuwa ameshaingia garini, ametoka, ameingia tena, sasa anajaribu mikanda yote kujua upi unabana. Manariyo akazunguka hadi upande wa dereva, kijana aliyekuwa anafuta kioo.

"Kijana, nisikilize. Si mkaidi huyu. Akili yake inatangulia, mwili unaikimbilia. Akae mbele."

"Mzee, mimi dereva tu."

"Najua. Mtume mara kwa mara, mpe hata kitambaa hicho afute. Mwambie jambo moja, akilimaliza mwambie la pili. Mtihani afanye peke yake. Nusu saa, aongezewe nusu saa."

"Mzee."

"Asichapwe kwa kusimama. Waambie hivyo utakapofika. Mtu yeyote utakayemkuta, mwambie. Rudia nisikie."

Dereva alimtazama afisa, afisa akatazama saa. Injini ikawaka.

"Rudia," alisema Manariyo, mkono dirishani, akitembea pamoja na gari. "Akae mbele. Anza hapo. Akae mbele."