Mkono wa Sweta

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki, nilimwona mama kijana akivuta mkono wa sweta afunike alama za zambarau, huku mama mkwe wake akimtazama. Nikarudi ghafla utotoni, mchana wa mvua pale Kijenge, kwenye chumba cha daktari kilichonuka spiriti.

Nilikuwa na pamba puani, imelowa damu, na alama za zambarau mikononi. Niliamini naadhibiwa kwa kupanda mpera wa jirani. Mama alikaa kulia kwangu. Kushoto alikaa shangazi, dada yake baba.

"Chembe za kugandisha damu ziko chini sana," daktari alisema. "Huenda kinga yake mwenyewe inazishambulia, au huenda amerithi. Dawa za hali hizo mbili ni tofauti. Nyumbani kuna mwingine anayetokwa damu hivi?"

"Hakuna," Mama alijibu upesi.

Sikujua kwamba kabla ya mahari, shangazi ndiye aliyetumwa kuulizia kama ukoo wa Mama una ugonjwa, akajibiwa hauna. Nilisikia tu mvua ikipiga bati, na kalamu ya daktari ikianza kuandika dawa za kutuliza kinga.

"Mama naye huwa anatokwa damu puani," nikasema. "Anafua foronya kabla baba hajaamka."

Nilisubiri kofi. Shangazi alimgeukia Mama. Mama, bila kuinua macho, alipandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Alama zake zilikuwa nyingi kuliko zangu. Daktari akaikunja ile karatasi, akachukua nyingine.

Pale kliniki, nilisogea karibu na yule mama kijana, nikapandisha mkono wa sweta langu.