Vyeti vya Muuza Haluwa

"Sura ya nne itoe. Hiyo si historia ya benki, hizo ni hadithi za bibi yako." Aliyeniambia hivyo ni mwalimu aliyekuwa akiisimamia tasnifu yangu, pale chuoni Al Khoudh, hapa Maskati. Nikamwambia siitoi ng'o. Hasira zangu za karibu, mama anasema nimezaliwa nazo.

Tasnifu ilihusu zama ambazo mabenki yalichapa noti zao wenyewe, kabla benki kuu hazijajitwalia kazi hiyo. Sura ya Uskochi aliipenda, ambako mabenki yalishindana na bado yakapokea noti za wenzao. Ya Uingereza aliipenda pia, ambako benki iliyokuja kuwa benki kuu ilianzishwa ili serikali ya mfalme ikopeshwe pesa za vita. Ya nne ilihusu mtaa wa bibi yangu, Unguja. Chenji ikiadimika, muuza haluwa alitoa vyeti vyenye muhuri wake. Muuza samaki akavipokea, fundi cherehani akavipokea, mpaka vikamrudia mwenyewe naye akavilipa. Hiyo kama si benki ni nini?

"Na mtoaji akifa?" mwalimu akauliza. "Nani anawalinda watu?"

Swali lilinikera. Nikaendesha gari mpaka Ghubra kwa bibi, nikamkuta anachambua mchele, nikamuuliza yeye. Akanicheka. "Umesoma kote huko hujui? Kwani maiti anazikwa na deni?" Muuza haluwa alipofariki, kabla hajasaliwa, mwanawe alisimama mbele ya jeneza akatangaza: mwenye cheti cha baba aje kwangu. Watu wakenda, wakalipwa.

"Na vyako, bibi?"

"Mie nshakuja huku Maskati. Khabari ya msiba imenifika miezi baadaye, na duka lishauzwa. Vinne vimo kabatini. Lakini hilo usiliandike, watakucheka."

Roho iliniuma. Usiku kucha niliwaza kulificha, lakini ningekuwa mwongo. Nikaliandika.

Siku ya kuitetea tasnifu, mwalimu akaufungua ukurasa huo huo mbele ya wenzake wawili. "Bibi yako hakulipwa. Umejijibu mwenyewe."

Nikasimama, ingawa si desturi. "Ndiyo, hakulipwa, na nimeandika. Sura ya Uingereza hamkuniuliza nani aliilipia ile vita. Benki kuu ikiishusha thamani noti yake, mnamjua aliyetoka hadharani akasema mwenye hasara aje kwangu? Mtoto wa muuza haluwa alitoka. Ahadi ni deni, na yeye alilijua."

Wakaniambia nitafaulu leo hii nikiisukuma sura ile nyuma kabisa, kwenye viambatisho. La sivyo, nirudi muhula ujao. Nikakusanya karatasi zangu nikatoka.

Bibi kusikia akapiga makofi ya mshangao. "Ebo! Mjinga wewe! Mie ningekubali."

Nilikaa muhula mzima bila shahada, wenzangu wakipata kazi mbele ya macho yangu. Nililia, sikatai. Kisha nikarudi na tasnifu ile ile, neno kwa neno, ila sura ya nne nimeifanya ya kwanza. Wakaona sibanduki, wakatia saini. Wangekataa tena, ningerudi tena.