Moto wa Siku ya Mwaka

Nakumbuka Siku ya Mwaka moja, huo mwaka mpya wetu wa Waswahili, pale kwetu Msambweni, nilipoamka nikiwa najua kila kitu. Nakueleza wewe, mwanangu, kwa sababu juzi ulinipigia simu kuniuliza kwa nini hoteli ya Diani anakofanya kazi mama yako imeuvisha mti wa mvinje pamba, eti theluji ya Krismasi, ilhali watu wanatokwa jasho. (Nakuita mwanangu ingawa sijatimiza miaka thelathini. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na mjomba ana haki yake.)

Swali lako ni zuri. Ugonjwa huo wa kuuliza umeurithi kwangu.

Mimi ulinianzia kwenye televisheni ya Bi Mwanasiti, jirani wa nyanya yangu. Ilikuwa ndogo, ikitumia betri ya gari, na kila Jumamosi alasiri watoto wa mtaa mzima tulijazana mkekani kutazama katuni ya paka rubani. Wimbo wake tuliuimba kwa nguvu zote, na hakuna aliyeelewa neno hata moja. Kwa paka yule ndipo nilipojua kwamba kuna nchi ambako watu huchonga maboga yakatoa meno, na kwamba kuna sikukuu ambayo sungura huleta mayai.

"Bi Mwanasiti, kwani sungura anataga?" niliuliza.

"Huyo ni sungura wa Kizungu," alinijibu, huku akikuna nazi. "Usimwingilie mambo yake."

Wenzangu walicheka. Mimi sikuridhika, na niliendelea kutoridhika mpaka chuo kikuu, ambako nilisoma asili za sikukuu moja baada ya nyingine, kama mtu anayefumua nguo aone ilivyoshonwa.

Siku hiyo ninayokueleza nilikuwa nyumbani likizoni. Mtaani kwetu, alfajiri ya Siku ya Mwaka, kila nyumba huzima jiko lake na kuzoa majivu yote. Kibiriti hakiguswi. Nyumba moja tu haizimi, ya mwanamke aliye mkubwa kuliko wote, na wengine huenda kwake kuomba kaa la moto. Mkubwa wetu alikuwa Bi Mwanasiti. Nilimkuta nyanya mlangoni, amejifunga leso mpya, ameshika kigae cha chungu cha kubebea moto.

"Shikamoo, nyanya. Unajua kwamba jambo hili si letu?"

"Marahaba. Jambo lipi?"

"Hili la mwaka na moto. Limetoka Uajemi, kabla ya Uislamu. Watu wa huko waliutukuza moto katika ibada yao."

Nilisema kwa sauti. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vigae vyao walisimama kusikiliza, nami nilifurahi walivyosimama.

Nyanya alikitazama kigae. "Katika ibada?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema."

Aliwatazama wale wanawake, kisha akakiweka kigae chini, taratibu. "Basi niletee kibiriti."

Nilimletea, tena mbio. Na elewa, mwanangu, kwamba sikusema uongo. Nilichosema ndicho nilichokisoma, na hata leo sijakikana.

Saa nne hivi mama alirudi kutoka sokoni, akaona jiko linawaka, akauliza moto umetoka wapi. Nilipomweleza, aliketi kitako.

"Wewe msomi, unajua kwamba nyanya yako na Bi Mwanasiti hawajasemezana tangu Bi Mwanasiti alipomwoza mjukuu wake? Nyanya yako hakualikwa. Alisahauliwa tu, lakini nani aanze kusema? Leo ndiyo siku pekee ya kupiga hodi bila kueleza ulikuwa wapi. Ukiomba moto, umeomba radhi. Ukipewa, yamekwisha. Ile leso aliiweka kwa ajili ya leo."

Nilichungulia nje. Bi Mwanasiti alikuwa ameketi mlangoni kwake, anapepea jiko lisilo na chungu juu yake.

Nilikwenda kwa nyanya nikamsihi aende. Hakuinua macho.

"Nikaombe nini? Moto si ninao?"

Nilitazama huku na huku, nikaiona ndoo ya maji, nikaimwaga yote kwenye jiko. Majivu yaliruka mpaka ndani ya sufuria ya mbaazi na juu ya leso mpya.

"Mwehu wewe! Mbaazi zangu!"

"Nyanya, sasa moto huna."

Alinigeukia, nami nikajiandaa kupigwa mwiko. Kisha akainama, akaokota kigae.

Nilimfuata kwa nyuma.

"Hodi."

"Karibu!" Jibu lilitoka haraka mno. "Jua limepanda hivi. Makaa yanakaribia kwisha."

"Mjukuu wangu alikuwa akinisomesha."

"Nini?"

"Uajemi."

Bi Mwanasiti aliitazama leso. "Na hayo majivu ni ya huko huko?" Kisha akaniona mimi. "Ni yule yule wa sungura?"

"Ndiye."

Walicheka mpaka nyanya akashindwa kukinyoosha kigae, ikabidi nimshikie. Bi Mwanasiti alitia kaa moja, akatia la pili, akatia na la tatu. Nyanya hakurudi nyumbani mpaka adhuhuri. Mbaazi tulizila na majivu yake, na hakuna aliyelalamika.

Bi Mwanasiti hakuufikia Mwaka uliofuata. Mungu amrehemu. Nikikumbuka ile ndoo huwa nawaza jinsi nilivyokaribia kutoiona.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuuliza. Kitabu kiliniambia moto ule ulitoka wapi zamani. Hakikuniambia asubuhi ile nyanya alikuwa akienda kwa nani, na kwa nini. Hilo angenijibu yeye, pale pale mlangoni, kama ningemuuliza badala ya kumfundisha mbele za watu. Kwa hiyo nenda hotelini ukamtafute anayeitundika ile pamba. Msalimie kwanza. Muulize nyumbani kwao siku hiyo hufanya nini, na anamkumbuka nani. Ukishamsikiliza, nipigie simu tuitafute pamoja asili ya hiyo theluji, maana nami nataka kujua.

Mungu akuzidishie maswali, akupe na masikio ya kuyangojea majibu. Na siku utakapopiga hodi ukiwa umechelewa, akukutanishe na mtu ambaye bado anapepea.